Herufi Mbele ya Jina

Katika magazeti yetu meli haitajwi bila herufi mbili mbele yake. MV Bukoba. MV Liemba. MV Victoria. MV Nyerere. Tumezizoea kiasi kwamba mtangazaji akizisahau tunahisi amemtaja mzee wa watu bila kumwamkia. Hata pantoni ya kuvusha ng'ombe na bodaboda hupewa MV yake, ikaandikwa kwa rangi nyeupe na kuzinduliwa kwa ngoma.

Lakini MV si shikamoo. Ni taarifa ya ufundi, na fupi sana: chombo hiki kinaendeshwa kwa mota, yaani kwa injini inayochoma mafuta ndani yake. Basi. Haisemi kimejengwa lini, kinabeba watu wangapi, wala iwapo kitafika.

Kabla ya MV kulikuwa na SS na PS. PS ilikuwa meli ya mvuke yenye magurudumu makubwa ya kupiga maji ubavuni. SS ilipozaliwa, S yake ya kwanza ilitaja rafadha, ile panga inayozunguka chini ya maji nyuma ya meli, ili mtu ajue mara moja kwamba hii si ya magurudumu. Rafadha ziliposhinda, hakuna aliyehitaji tena kuzitaja, na SS ikaanza kusomwa kama "meli ya mvuke" tu. Herufi zilibaki zilezile; maana ilihama chini yake kama mpangaji anayeondoka usiku.

Hizo zote ni herufi za injini. Kuna ukoo mwingine, wa herufi za mwenyewe, na huo ndio uliomwaga damu katika bahari yetu.

Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuvunja meli za Sultani Barghash bin Said, aliyekuwa na miaka miwili tu kitini. Mwaka uliofuata ilifika bandarini manowari ya Kiingereza iliyoitwa HMS Glasgow. Barghash aliitazama, akaagiza Uingereza meli ya kufanana nayo. Ikaundwa huko Scotland, ikakamilika 1878, na hata jina akalichukua: Glasgow. Ilibadilika herufi moja tu. Ya Waingereza ilikuwa HMS. Ya Sultani ilikuwa HHS.

M na H hizo zinastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake mna kitabu kizima cha siasa. Katika itifaki ya Kiingereza, M ni cheo cha mfalme au malkia mwenyewe. H ni cha ngazi ya chini yake: mtukufu, ndiyo, lakini si kiasi hicho. Wajerumani nao walikuwa na M yao: manowari zao ziliitwa SMS, maana yake ikiwa ileile ya HMS kwa lugha yao, na hakuna aliyewahoji. Mtawala wa Zanzibar angeweza kuwa na karafuu, na kasri, na kuanzia 1883 akawa na Beit al-Ajaib lililokuwa refu kuliko jengo lolote hapo mjini, lakini mbele ya jina la meli yake ilikaa H.

Glasgow ilikaa muda mwingi nangani mbele ya kasri, zaidi pambo kuliko silaha. Kisha tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini akafariki ghafla, na Khalid, mwana wa Barghash, akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Wakampa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Bandarini zilijipanga HMS St George, Philomel, Thrush, Sparrow na Racoon. Muda ulipopita mizinga ikaanza. Glasgow, ikiwa peke yake, ilijibu. St George ikaielekezea mizinga yake, na meli ya Sultani ikazama palepale ilipokuwa imetia nanga. Mabaharia wake walipandisha bendera ya Kiingereza kuonyesha wamesalimu amri, wakaokolewa na mashua za waliowapiga.

Vita hivyo hutajwa mitandaoni kama kichekesho, vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38. Mimi sioni cha kuchekesha. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa kasri walikuwa takriban 500; upande wa pili alijeruhiwa vibaya baharia mmoja. Na kwa miaka iliyofuata, kila aliyeingia bandari ya Unguja alipokewa na milingoti ya Glasgow ikiwa imechomoza majini. Haikuondolewa hadi 1912. Miaka kumi na sita, HHS ikiwa chini na milingoti juu, kama mkono wa mwanafunzi ambaye mwalimu amekataa kumwona.

Mwaka 1914, bandari hiyohiyo, M mbili zikakutana. Tarehe 20 Septemba SMS Königsberg iliivizia HMS Pegasus, iliyokuwa imesimama kwa matengenezo, ikaizamisha. Mwezi Julai mwaka uliofuata Königsberg nayo ikamalizwa ndani ya delta ya Rufiji. Maji ya mikoko hayakutofautisha.

Bara nako herufi zilikuwa zinasafirishwa kwa treni. Waingereza walileta mashua mbili za mota hadi Ziwa Tanganyika kwa kupitia Cape Town, kwa reli na kwa kuzikokota misituni. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza, wakubwa wakakataa, akaziita Mimi na Toutou, na hilo likapita. Hivyo katika orodha ya jeshi lenye majina kama St George kukawa na HMS Mimi. Siku moja baada ya Krismasi ya 1915 mashua hizo ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Kingani ni jina la mto wetu, Ruvu inapokaribia Bagamoyo. Waliitengeneza, wakabandika HMS, na wakaiita Fifi. Sijui kama kuna jina la Kiafrika lililowahi kufutwa kwa upuuzi mkubwa zaidi ya huo.

Ndugu yake mkubwa alikuwa na bahati. Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika maelfu ya makasha, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Wajerumani walipokimbia, Julai 1916, waliizamisha wenyewe baada ya kupaka injini grisi, kwa tumaini la kurudi. Hawakurudi wao. Waingereza waliiibua 1924, na mwezi Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa hilo. Ilikuwa bado inakwenda kwa mvuke. Katika ukarabati wa miaka ya 1970 ikafungwa injini za dizeli, na hapo ndipo ikawa MV Liemba tunayoijua. Ile "MV" ni changa kwa zaidi ya nusu karne kuliko chuma kilichoandikwa juu yake.

Pale Ziwa Victoria mambo yalikwenda kinyume: injini ilibaki, mwenyewe akaondoka. Meli ya Victoria ilipoanza safari 1961 ilikuwa ya dizeli tayari, lakini iliandikwa RMS, herufi za meli iliyopewa dhamana ya kubeba barua za Malkia. Miaka ikapita, R ikang'oka bila mzinga wowote kupigwa. Watu wa Mwanza na Bukoba hawakuacha kupanda kwa sababu hiyo. Ndizi zilisafiri vilevile.

Sasa niingie relini, maana huko ndiko nilikokutana na herufi kwa mara ya kwanza kama lugha. Katika mtaa niliokulia Changamwe palikuwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya usaidizi wa dereva wa treni. Ukimwamkia, shikamoo babu, alikuitikia; ukimtajia treni, alikuuliza: ya namba gani? Kwake "treni" ilikuwa kama kusema "mtu". Alikuwa akizungumzia hamsini-na-tisa, thelathini-na-moja, kama wengine wanavyozungumzia koo za wake zao.

Reli ya Kenya na Uganda ilizipanga injini zake za mvuke kwa herufi mbili. EA na EB zilivuta tenda nyuma yake, yaani lile behewa la maji na kuni au mafuta. ED na EE zilibeba maji mwilini mwake zenyewe. EC ilikuwa jitu: Garratt, injini mbili zilizoelekeana migongo, na boila moja imening'inizwa katikati kama mzigo kati ya wapagazi wawili. Umbo hilo lilitufaa sana kwa sababu reli yetu ilikuwa nyembamba, ya mita moja, yenye kona kali na milima mirefu. Garratt iligawanya uzito wake kwenye magurudumu mengi na bado ikapinda kwenye kona. EC za kwanza zilifika 1926. Kila muundo ulipoboreshwa iliongezwa tarakimu: EC1, EC2, EC3. Reli ya Tanganyika ilikuwa na herufi zake nyingine, MK, ML, GA, GB, na fundi aliyehamishwa kutoka Nairobi kwenda Tabora alijikuta anasoma alfabeti upya.

Mwaka 1948 reli hizo ziliunganishwa, na mojawapo ya mambo ambayo shirika jipya la Afrika Mashariki lilifanya ni kufuta herufi zote na kuweka tarakimu. Namba za kumi na kitu zikawa za injini zinazobeba maji yao. Ishirini na thelathini, zenye tenda. Hamsini na kuendelea, Garratt. Tarakimu mbili za mwanzo zinataja ukoo, mbili za mwisho zinamtaja mtoto: 5918 ni mtoto wa kumi na nane wa ukoo wa 59. Ni mpango safi. Hauna taji wala kabila wala lugha. Mtu wa Tororo na mtu wa Tanga wanausoma sawasawa.

Lakini wakubwa hawakuweza kuvumilia usafi huo, wakaanza kupachika majina juu ya namba. Ukoo wa 29, uliofuatiwa na 30 na 31, ukapewa majina ya makabila. Ukoo wa 59, injini 34 zilizoundwa Manchester kati ya 1955 na 1956, tani 252 kila moja, kubwa kuliko injini zote za mvuke zilizowahi kupita kwenye reli ya mita moja, ukapewa majina ya milima. Ukoo wa 60 ukapewa majina ya magavana. Ukitaka kujua nini kilitokea uhuru ulipofika, tazama vibao tu: vya magavana viling'olewa. Milima ikabaki. Namba hazikuguswa.

Nenda kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi uone. Iko 5918, Mlima Gelai. Iko 5930, Mlima Shengena. Gelai uko karibu na Ziwa Natron na Shengena uko Upare. Yote miwili ni milima ya Tanzania. Iko 3020, Nyaturu, jina la watu wa Singida. Iko 3123, Bavuma, watu wa visiwa vya Uganda. Iko 2921, yenye kibao cha Wamasai wa Kenya, kana kwamba Wamasai waliulizwa wachague upande. Na iko Na. 87, Karamoja, EC3 ya zamani ambayo mpango mpya uliibatiza 5711. Jumuiya ilipovunjika 1977, mabehewa na injini ziligawanywa kwa ugomvi, kila nchi ikashikilia kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Hizi zilibaki pale. Nilizunguka kati yake mchana mmoja wa jua kali nikijaribu kufikiria mahali pengine Nairobi ambapo Mnyaturu na Mvuma wamekaa jirani muda wote huo bila kuombwa kitambulisho.

Upande wa TAZARA hadithi ni nyingine. Wachina walipomaliza reli ile miaka ya 1970 walileta injini za dizeli zenye herufi DFH. Ni ufupisho wa Dongfanghong, "Mashariki ni Nyekundu", jina la wimbo wa kumsifu Mao. Hiyo ndiyo desturi ya reli ya China: DF ni Upepo wa Mashariki, JF ni Ukombozi, QJ ni Songa Mbele. Herufi hazikwambii chochote kuhusu mashine. Zinakwambia ilizaliwa wakati gani na nani alikuwa anaimba. Mteremko kati ya Mlimba na Makambako haukuvutiwa na wimbo. Injini hizo zilihema, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 TAZARA ikaleta nyingine, muundo wa Kimarekani ulioundwa Ujerumani: U30C. Hapa kila alama ina kazi. U, muundo wa kutumika popote. 30, nguvu za farasi 3,000. C, ekseli tatu zenye nguvu katika kila bogi, kwa ile hesabu ya Ulaya ambayo A ni ekseli moja, B mbili, C tatu. Napenda DFH kwa masikio yangu, lakini nikiwa nimepanda kuelekea Makambako ningependa mbele pafungwe C.

Nasema hivyo kwa sababu kuna herufi za kuimba, na za kumiliki, na kuna herufi za kuokoa maisha, na hizi za mwisho ndizo zisizoandikwa kwa rangi nyeupe mbele ya jina.

Katika karne ya 18 wafanyabiashara wa London walioweka bima za meli walikutana kwenye mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd. Walihitaji kujua meli ipi ni nzima na ipi ni jeneza. Kitabu chao cha zamani zaidi kilichosalia ni cha 1764 hadi 1766, na ndani yake kila meli imepewa irabu: A, E, I, O, U, kuanzia mwili mzima hadi mwili mbovu. Kisha G, M au B kwa vifaa, yaani kamba, nanga na matanga: vizuri, vya wastani, vibovu. Baadaye G, M na B zikawa tarakimu, na meli bora kupita zote ikawa A1. Irabu tano tunazomfundisha mtoto wa chekechea kuimba, kwa baharia zilikuwa hukumu. Kupanda meli ya U kulihitaji njaa ya aina yake.

Shida ni kwamba herufi hiyo ilikaa kitabuni, mkononi mwa mwenye bima, na wala haikuonekana na kuli aliyebeba gunia. Tena meli ya A ikijazwa kupita kiasi huzama kama ya U. Samuel Plimsoll, mbunge wa Derby, alipigia kelele jambo hilo. Alichapisha kitabu chake 1873, akagombana bungeni, na mwaka 1876 sheria ikalazimisha meli za Uingereza kuchorwa alama ubavuni. Wenye meli waliruhusiwa kuchagua wenyewe pa kuichora, kichekesho kilichoendelea hadi 1890. Mwaka 1930 mataifa yakakubaliana alama moja: duara lililokatwa na mstari, na kando yake ngazi ya mistari midogo yenye herufi. S, kiangazi. W, baridi. T, tropiki. F, maji baridi yasiyo na chumvi. TF, maji hayo yakiwa ya tropiki. Maji ya chumvi hubeba zaidi, na bahari tulivu husamehe zaidi, kwa hiyo mstari wa T uko juu ya S, na S uko juu ya W. Bahari yetu yote, kutoka Lamu hadi Mtwara, ni ya T. Maji yakifunika mstari huo, meli imezidishiwa. Hahitajiki mhandisi kuliona. Anahitajika mtu wa kutazama, na mwingine wa kusikiliza.

MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imejaa kupita kiasi. MV Nyerere ilipinduka 20 Septemba 2018 ikikaribia Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Katika kila tangazo la msiba herufi mbili zilisomwa kwa ukamilifu, emu-vii, kama cheo cha marehemu.

Tangu nisome haya, nikifika bandarini sitazami jina. Mara ya mwisho ilikuwa Malindi, Unguja, karibu na mahali Glasgow ilipolala. Meli ndogo ya mizigo ilikuwa inapakia saruji na mchele, makuli wanapishana kwenye ubao, na mimi nimesimama gatini kama mtu aliyepoteza kitu. Kwenye ubavu wake kutu ilikuwa imekula nusu ya duara, lakini herufi ilisomeka. T ilikuwa juu ya maji kwa kadiri ya kiganja. Malori mawili yalikuwa bado yanasubiri kushusha.